Siku Isiyo na Watu kwenye Jiwe la Ngoma

Nakumbuka siku moja ya mvua za mwanzo, mwanangu, mwaka mmoja kabla hujazaliwa, nilipompeleka bibi yako kwenye Jiwe la Ngoma. Nakumbuka hata matope yaliyokuwa kwenye kandambili zake. Nasaha kama hizi zilipaswa kutoka kwa babu yako, lakini alifariki nikiwa mdogo, na mimi mwenyewe mtaani bado naitwa kijana. Nakuandikia kwa sababu jana uliniuliza kwa nini bibi hutazama midomo yetu tunapoongea, na kwa nini ukimwita haitiki. Nilikujibu kwamba masikio yake yanaumwa. Hilo ni jibu la nusu, na halikunipa usingizi.

Babu yako alipofariki, bibi yako alihamia machimboni Geita, akawa anapika chakula na kuwauzia wachimbaji. Jiko lake lilikuwa karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ilinguruma kutwa nzima, na yeye akawa anazungumza kwa kupiga kelele hata anaporudi nyumbani. Nilipokwisha kujifunza ufundi wa redio, peke yangu, kwa kuharibu redio za watu na kuzirudisha upya, nilifungua kibanda hapa Kagongwa na kumwambia aache kazi ile. Lakini masikio yalikuwa yameshaharibika. Daktari alimpima, akatuambia tusitarajie yarudi. Yangeendelea kufifia hadi yanyamaze.

Tulipotoka hospitali bibi yako hakulia. Aliniambia, "Baba, kabla hayajaisha kabisa nipeleke nikasikie jiwe la kwetu."

Jiwe lenyewe liko juu ya kilima, upande wa Geita, karibu na kijiji alikozaliwa. Ni jabali refu kama basi, lina vishimo vingi vilivyochimbika kwa kupigwa na mawe tangu enzi ambazo hakuna anayezijua. Ukipiga kwenye kishimo, jiwe linalia kama chuma. Siku hizi linajulikana. Ukifika mwezi wa saba, baada ya mavuno, unakuta mabasi ya wanafunzi, wachimbaji waliokuja na magari yao na muziki, wauza soda na wapiga picha. Nilikuwa nimewahi kwenda mara moja nikiwa peke yangu, nikakimbia kabla ya saa sita, kichwa kikiuma. Mimi na makundi ya watu hatupatani, na wewe umeanza kulijua hilo.

Ulikuwa ni huo huo mwezi wa saba bibi yako aliponiomba. Alisema, "Twende sasa, watu wapo."

Nikamwambia, "Mama, kwa masikio hayo na fujo ile hutasikia kitu. Nitakupeleka kukiwa kimya."

Alinitazama kidogo, akacheka. "Haya, fundi. Wewe ndiye mwenye kazi ya sauti."

Mwanangu, niliipanga safari ile kama mtu anayejenga nyumba. Nilikataa mwezi wa nane kwa sababu ya likizo. Nilikataa Jumamosi na Jumapili zote. Nikakataa siku ya mnada wa ng'ombe kijijini, kwa maana watu wa mnadani hupitia kilimani. Kila siku niliyoichagua niliiona ina kasoro, nikaiahirisha, na huku nyumbani nilikuwa naongeza sauti ya redio kidogo kidogo ili bibi yako aifuate taarifa ya habari. Nilijua maana ya kuongeza sauti ile. Nilikuwa nikiona kidole changu kikizungusha kitufe, na bado nikangoja siku iliyo bora zaidi.

Hatimaye mvua zilianza, wakulima wakaingia mashambani, nikasema wakati ndio huu. Tulipanda basi la asubuhi, kisha bodaboda. Kilimani hapakuwa na mtu hata mmoja, isipokuwa mzee anayelitunza jiwe, Mzee Masanja, aliyejifunika mfuko wa nailoni kichwani.

"Ng'wangaluka, mayu," alimsalimia bibi yako kwa Kisukuma, naye akaitikia kwa furaha. Mimi nikampa shikamoo.

"Marahaba. Wenzenu wako nyuma?"

"Tuko wawili tu, mzee. Tumetafuta sana siku isiyo na watu."

Akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani. "Basi umeipata," alisema.

Bibi yako hakutungoja. Alikuwa ameshapanda, anapapasa jabali kwa viganja, mpaka akakipata kishimo alichokitafuta. Kilikuwa cha baba yake. Akachukua jiwe la kupigia, akapiga mara tatu, akainua uso na kusubiri.

Sikuelewa anasubiri nini. Kwangu sauti ilikuwa safi, haina mkwaruzo, nami nikaanza kujisifu moyoni.

"Anangoja kujibiwa," Mzee Masanja aliniambia. "Kila kishimo kina sauti yake na kila ukoo una kishimo chake. Mmoja anaita, wengine wanajibu, mpaka kilima kizima kinalia. Ndiyo maana tunakuja baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi. Mama yako hakukwambia?"

Alikuwa ameniambia. Alisema twende sasa, watu wapo.

Mzee alikwenda upande wa pili akajibu kwa nguvu zake zote. Mimi nikadaka kishimo kingine, nikapiga bila kujua napiga nini. Bibi yako aligeuza sikio moja, kisha la pili. "Wengine wako wapi?" aliuliza.

Nilishuka mbio hadi mashambani. Niliwakuta wanawake wakipanda mahindi, mmoja ana mtoto mgongoni, nikawaomba wapande kilimani kwa muda mfupi tu. Walicheka mpaka mmoja akaegemea jembe.

"Kaka, mvua imenyesha jana," alisema yule mwenye mtoto. "Niache mbegu nikapige jiwe? Watoto watakula mlio?"

"Mama yangu anapoteza masikio, dada."

Kicheko kikaisha. Alilitazama shamba lake, akatazama mawingu. "Pole sana. Lakini mwezi wa saba ulikuwa wapi? Hata usingetuita tungekuwepo."

Nilipanda kilima nikiwa mikono mitupu. Nilimkuta bibi yako ameketi, jiwe la kupigia liko mapajani. Hakunilaumu. Kwenye basi aliniegemea, akasema, "Palikuwa kimya kweli, baba. Umepanga vizuri." Hakuwa ananikejeli. Alitaka nifurahi, na mpaka leo maneno yale yananichoma kuliko matusi niliyowahi kutukanwa.

Masika hayo masikio yaliisha. Redio niliipandisha hadi mwisho wa kitufe, majirani wakalalamika, yeye akauliza kama betri zimekufa.

Mwezi wa saba uliofuata nilimrudisha. Sikupanga chochote. Tulikwenda Jumapili, watu wakisukumana, vumbi tele, mtu akanikanyaga mguu na mwingine akanimwagia soda. Nilimkalisha kwenye kigoda chini ya jabali, na kwa ufupi wake hakuona zaidi ya migongo ya watu. Mtu mmoja akaita, koo zikajibu, kilima kikaanza kulia. Nimefanya kazi na spika maisha yangu yote, mwanangu, na sijawahi kusikia sauti kama ile. Niliisikia hadi kwenye meno.

Bibi yako akanivuta shati. Akauliza kwa sauti kubwa, mpaka watu wakageuka, "Wameanza?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikaketi chini mbele yake. Akafungua viganja vyake vyote viwili, akaviweka mapajani mwangu. "Nipigie."

Nikampigia kwa vidole, nikijaribu kuufuata ule mlio. Lakini kilima kilikuwa kimejaa watu, na mimi nilikuwa na mikono miwili. Baada ya muda alifumba viganja vyake, akanipigapiga begani kama mtu anayembembeleza mtoto.

Ndiyo maana anatazama midomo, mwanangu. Ulizaliwa yakiwa yamenyamaza, na jina lako analijua kwa kulisoma tu kwenye midomo yetu.

Sina dawa ya kukupa. Nakuomba hivi: mtu akikwambia twende, muulize anachokwenda kukitafuta, ndipo upange. Akisema sasa, nenda naye sasa, hata kama kuna msongamano, hata kama siku yenyewe ni mbaya. Usimtafutie mtu kitu kizuri kuliko alichokuomba. Mimi nilifanya hivyo kwa upendo, na upendo ule haukumrudishia hata mlio mmoja.

Ukienda kwa bibi usimwite kwa mbali. Mshike mkono kwanza.

Mungu akulindie masikio yako, mwanangu. Akujalie siku zenye kelele na watu wengi, na kila utakapoita, awepo wa kukujibu.