Kipa wa Mlango wa Jikoni

Ambilikile ni kinyozi wa Bagamoyo, na naisema Bagamoyo hii yetu ya Tukuyu, isiyo na bahari wala minazi, yenye matope yake na maduka ya mabati. Umri wake ni arobaini na kidogo, ana kitambi anachokikana mbele ya mashahidi, na ni mtu mpole kuliko mashine yake ya kunyolea. Mwulize habari za bei ya chai au za uchaguzi, atakujibu kwa adabu huku mkono unafanya kazi. Lakini ole wako umtajie picha za bablishi. Utatoka pale umenyolewa upande mmoja, na yeye hana habari.

Picha zenyewe ni zile zilizokuwa zikifungwa pamoja na bablishi, pipi za kutafuna na kupuliza, utotoni mwake. Ukifungua karatasi unakuta kadi ndogo yenye mchezaji wa mpira, na ukikusanya kumi na mmoja wa rangi moja unakuwa na timu kamili, yaani seti. Watoto wa miaka ile walizicheza kamari, wakazipigania, wakazilia, kisha wakakua na kuzisahau. Ambilikile alikua, kusahau kukamshinda.

Tena hayuko peke yake. Kila Jumapili watu wakishatoka kanisani, saluni hufungwa kwa wateja na kufunguliwa kwa wagonjwa watatu wa maradhi haya. Wa kwanza ni yeye. Wa pili ni Fulgence, mwalimu wa hesabu aliyepangiwa kazi Rungwe akitokea Bukoba, mtu msafi wa kuudhi, anayehifadhi picha zake kwenye albamu ya plastiki na kunawa mikono kabla ya kuzigusa. Wa tatu ni Lightness, muuza mitumba wa sokoni, ambaye hutia zake kwenye kopo la maziwa ya unga.

Basi hukaa hapo kulinganisha seti, na hakuna siku waliyokubaliana. Fulgence husifu seti yake ya bluu, kamili, kingo zake kali utadhani zimetoka kiwandani jana. Lightness humcheka. Yeye anapenda zilizochakaa, zenye jina la mtoto na darasa lake kwa kalamu ya bluu upande wa nyuma.

"Hizo zako ticha hazijawahi kuwa na mwenyewe," humwambia. "Hii hapa ilikuwa ya Amoni wa darasa la nne B. Ona alivyoing'ata!"

Ambilikile naye huwasubiri wamalize, kisha husema kwa sauti ya mtu aliyeficha karata: "Seti bora ni ya kijani. Na ninayo kamili, nyumbani kwa mama, Masukulu. Iko mlangoni."

Hapo ndipo wenzake hucheka mpaka viti vinalia. Maana ni kweli, akiwa na miaka kumi na mbili Ambilikile alipika uji mzito wa mahindi, akaibandika seti nzima ya kijani upande wa ndani wa mlango wa jikoni kwa mama yake. Alidhani anaitunza. Fulgence alishamtolea hukumu zamani: seti ni kitu unachoweza kukishika mkononi, ya mlangoni haihesabiki.

Hata hivyo mwalimu yule yule ndiye aliyekuwa akiumwa na mlango ule. Seti yake ya kijani ilikuwa na wachezaji wote isipokuwa kipa. Alimtafuta Mbeya, alimtafuta Dar es Salaam kwa simu, kipa hakuna. Na Jumapili moja ya masika alikuja saluni bila kucheka, akasema amepata uhamisho, anakwenda Tabora, anaondoka wiki hiyo.

"Ambi," akasema, "nipe yule kipa wa mlangoni. Nitakuachia seti yangu ya bluu. Yote."

Kinyozi akaketi. Seti ya bluu ilikuwa imemtoa roho tangu darasa la tano, alipoishika kwa muda mfupi tu mkononi, ikiwa mali ya mtoto wa daktari, kisha ikarudishwa mfukoni kwa mwenyewe. Alijua kubandua kadi kwenye mbao ni kazi ya birika, mvuke na kisu chembamba, na kipa mmoja kati ya kumi na mmoja ni kitu gani? Mama hata macho yake yameshafifia, hataona.

"Twende leo leo," akasema.

Wakamwacha Lightness na kopo lake, wakapanda bodaboda moja, wamebanana kama mishikaki, mwalimu katikati akiwa ameikumbatia albamu yake ndani ya mfuko wa nailoni. Mvua ikawanyeshea tangu mjini mpaka Masukulu. Njiani Ambilikile alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipofika kwa mama yake, akaona ilikuwa wakati wa kuvuna maharage. Aliona haya kidogo, kisha akajiambia kwamba si anatuma sukari na sabuni kila mwezi? Na kila akija alikuwa akikaa sebuleni, kwenye nyumba kubwa, anakunywa chai, anaangalia mawingu, anaaga.

Siku hiyo walimkuta Esnath, mama yake, jikoni, kwenye kile kijumba cha nyuma ya migomba. Siku hizi alikuwa akilala huko huko kwa ajili ya joto la moto.

"Shikamoo mama," wakasema.

"Marahaba wanangu. Ndaga, ndaga fijo, asanteni sana, mmekuja na mvua yote hii! Ambilikile, huyu mwenzio ni nani? Mbona amekonda? Keti hapa kwenye moto, baba. Mmekula?"

Akawapakulia ndizi na maharage bila kungoja jibu. Fulgence, mtoto wa Bukoba, alikula sahani mbili huku akiapa kwamba ndizi za kwao ni tamu zaidi, na mama akamjibu kwamba basi zile za kwao zimemdanganya, maana hazikumnenepesha.

Walipomaliza, Ambilikile akaliweka birika motoni. Akatoa kisu chake, kile cha saluni.

"Mama, tuna kazi ndogo hapa mlangoni. Tunamtoa mchezaji mmoja tu. Huyu kipa wa hapa chini, karibu na komeo."

Mama aliinuka taratibu, akausukuma mlango ukajifunga, na hapo kadi zote zikaonekana kwa mwanga wa moto, kahawia kwa moshi wa miaka, lakini nzima. Hata Fulgence alivuta pumzi. Mama akaweka kiganja juu kabisa ya mlango.

"Huyu ni mwanangu Tulia," akasema. "Yuko Dar es Salaam na watoto wake. Huyu Anyosisye, yuko Chunya kwenye dhahabu, namwambia Mungu lile shimo lisimwangukie. Hawa ni wajukuu. Huyu wa katikati ni baba yenu, marehemu, nimemweka hapo asipate baridi."

"Mama, hao ni wachezaji wa mpira," Ambilikile akasema polepole.

"Kwani sijui? Mimi ndiye niliyekuchapa ulipoharibu mlango wangu." Akacheka kidogo. "Lakini picha zenu za sebuleni ukungu umezila, mwanangu. Ya harusi ya Tulia imeganda kwenye kioo, ukiivuta, uso unabaki huko. Hizi za jikoni moshi umezitunza. Basi nikasema, Mungu hatazami fulana. Kila nikifunga mlango nawashika mmoja mmoja, nawataja, ndipo nalala."

Mkono wake ukashuka mpaka chini, ukatulia juu ya kipa.

"Na huyu mnayemtaka ni wewe."

Birika lilikuwa limeanza kuchemka.

"Mimi niko Tukuyu tu, mama. Siko mbali kama wao."

"Ndiyo maana nimekuweka karibu na komeo. Nawashika wote, wewe wa mwisho, halafu nafunga." Akamtazama kwa macho yake yenye ukungu, bila lawama yoyote, na hilo ndilo lililomuumiza. "Lakini mtoeni tu. Umekuja mwenyewe, picha ya nini tena?"

Alikuwa anamaanisha. Tayari alishasogea pembeni ili wapate nafasi.

Ambilikile alisimama na kisu chake mkononi kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Aliitazama albamu magotini mwa mwalimu, ile bluu safi aliyoililia tangu utotoni. Hakuwa mtakatifu, bado aliitaka. Alizitamani zile kadi hata wakati machozi yanamtoka. Kisha akakirudisha kisu mfukoni, akalishusha birika, akatia majani ya chai.

"Nisamehe, ticha," akasema. "Baki na bluu yako."

Chai ikamiminwa. Fulgence angekasirika, tungemwelewa, kwani kipa alikuwa mbele yake na mwenye mlango ameruhusu. Badala yake alifungua albamu, akaingiza vidole kwenye mfuko wa plastiki, safari hii bila kunawa, akachomoa kadi moja. Ilikuwa ya nahodha wa seti ya bluu.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu, "na mgeni anaweza kuwekwa hapo? Naenda Tabora, simjui mtu. Tangu mama yangu afariki, sijui kama kuna anayenitaja."

Mama akaipokea kadi, akaisogeza karibu na macho.

"Rangi gani hii?"

"Bluu."

"Basi kweli ni mgeni." Akazipapasa kingo zake kali. "Tutamweka upande wa moto, anatoka mbali. Jina?"

"Fulgence."

"Fulugensi," akalijaribu. "Fulugensi. Nitalizoea. Ambilikile, pika uji. Na uwe mzito, si ule wako wa zamani uliotiririka mpaka sakafuni."

Basi kinyozi akapika uji, na mikono ile ile iliyokuja kubandua ikabandika. Seti ya kijani ikaharibika kwa kuingiliwa, na ya bluu ikaharibika kwa kupungukiwa, na wakusanyaji wale wawili wakarudi nyuma hatua moja kutazama kazi yao, wameridhika sana.

Mvua ilipokatika, mwalimu alipanda bodaboda peke yake. Ambilikile alisema atafuata kesho. Saluni ingechelewa kufunguliwa, na vichwa vya Bagamoyo vingengoja.

Giza lilipoingia, mama aliusogelea mlango kama kawaida yake. Ambilikile akatangulia kuushika ili afunge yeye, mama asihangaike. Mama akaanza juu. Akamtaja Tulia, akamtaja Anyosisye, wajukuu, marehemu. Akapeleka mkono upande wa moto, akamtaja Fulugensi, na kwa kuwa uji ulikuwa haujakauka akafuta vidole kwenye kitenge. Kisha akashuka kumtafuta wa mwisho, karibu na komeo, na pale kwenye kadi akakuta mkono wa mwanawe umekwishafika.

Akaushika huo.

"Ambilikile," akasema. "Mbona mkono wa baridi hivi?"