Mkalimani Aliyepoteza Neno Moja

Saa tano na robo asubuhi, katika ukumbi wa kanisa mjini Migori, Phelesia Awino anajisifu kwa lugha ya tatu.

Si kwa kupenda kwake. Anayetoa hotuba ya kumuaga ni mkurugenzi wake, Oliver, mgeni ambaye Kiswahili chake huanza na "jambo" na kuishia "asante sana". Waalikwa wa upande wa ziwa wanataka Kijaluo, wa mpakani wanataka Kikuria, na machifu wanataka Kiswahili ili wapate cha kukosoa. Mkalimani wa ofisi ni mmoja tu, naye ndiye anayeagwa.

"Mama huyu ni hazina," anasema Oliver kwa Kiingereza.

"Mama huyu ni hazina," anasema Phelesia, uso mkavu kama wa karani wa posta, kisha anayarudia kwa Kijaluo na kwa Kikuria. Ukumbi unaangua kicheko.

"Mama Mourine!" Gisiri, dereva wa ofisi, anamtania Phelesia kutoka mlangoni. "Hata siku ya kuagwa wanakufanyisha kazi? Si uwaambie leo ni ofu!"

"Nyamaza, Mkurya. Wewe ulifuata pilau."

Kicheko tena. Phelesia hacheki. Macho yake yako kwenye kiti cha mwisho, karibu na dirisha, alikoketi bibi mmoja mwenye leso ya buluu, mkoba mapajani kama abiria asiyejua atashukia wapi. Anaitwa Damaris, ana miaka 74. Gisiri alimtoa Kendu Bay asubuhi hii kwa gari la ofisi, na hajaambiwa ameitiwa nini.

Phelesia, mwenye miaka 61, amefanya kazi miaka 26 katika shirika la kimataifa linalosaidia nchi kurekebisha sheria za ardhi na mirathi. Mawakili hushuka kwa ndege, yeye huwapeleka vijijini wakawasikilize wajane, na yanayosemwa huandikwa ripoti. Ripoti hizo husomwa katika nchi kumi na nne. Maneno yake yamefika Geneva. Yeye mwenyewe, nje ya Kenya, amefika Sirari tu, tena kununua sukari.

Kazi aliianzia utotoni, sokoni Ogwedhi, ambako baba yake alikuwa dalali wa ng'ombe. Mmaasai analeta fahali, Mkurya anamkagua meno, Mjaluo ameshika noti, na katikati yao binti wa miaka tisa anayesikilizana na wote. Wazee wa Ogwedhi huapa kwamba fahali mmoja aligoma kupanda lori mpaka Phelesia aliposema naye Kimaasai. Fahali mwenyewe hakupatikana kuthibitisha.

Mwaka 1999 shirika lilimchukua kwa shilingi mia tatu kwa siku, na soda. Walimfundisha kanuni moja: shahidi akisema "mimi", nawe sema "mimi".

"Kwa hiyo nimepigwa mara nyingi kuliko ngoma ya harusi," anasema. "Nimefukuzwa, nimeibiwa, nimezika waume arobaini. Lakini 'mimi' yangu mwenyewe sikuwahi kuitumia. Mkalimani hana."

Kilichomfanya akose usingizi mwaka mzima ni neno moja alilolitamka mwaka 2004, chini ya hema, Kendu Bay.

Damaris alikuwa shahidi wa saba siku hiyo. Alieleza jinsi shemeji zake walivyoezua mabati ya nyumba yake baada ya mumewe kufa, wakalima mpaka mlangoni. Wakili akamwuliza: na sasa unawaambia nini?

Damaris akajibu neno moja: "Aseweyonegi."

Kwa Kijaluo, kuacha na kusamehe vinatoka tumbo moja. Ni neno lile lile ambalo makanisa ya kandokando ya ziwa huliomba kila Jumapili katika Sala ya Bwana, wakosaji wasamehewe. Ukilisikia, ni lazima umtazame msemaji usoni ndipo ujue anasamehe au anaacha.

Phelesia hakutazama. Ilikuwa saa tisa alasiri, naye hajala tangu asubuhi. "Nimewaachia," akasema.

Karani aliyekuwa akiandika aliona sentensi haina miguu. Akaiongezea neno: shamba.

Hivyo ndivyo ukurasa wa 88 wa ripoti ulivyopata kusema kwamba mjane Damaris aliwaachia shemeji zake shamba, kwa hiari. Shemeji walipata nakala. Wakaisoma mbele ya wazee wa ukoo, karatasi yenye muhuri wa wageni. Nani angebishana nayo? Damaris alisema hakutamka hivyo. Akaambiwa imeandikwa.

Wajaluo humwita mjane *chi liel*, mke wa kaburi. Damaris ni mke wa kaburi asiyeruhusiwa kulifikia. Amepanga chumba nyuma ya soko la Kendu Bay, anauza omena, dagaa wa ziwani, na anajua kwamba akifa leo hakuna boma litakalokubali kumzika. Ekari moja na nusu ilikwenda na nyumba, na nafasi yake ya kuzikwa kando ya mumewe ikaenda nayo.

Phelesia hakuyajua haya. Mkalimani hasomi, husema akaenda zake. Mwaka jana, shirika lilipotangaza kwamba ofisi ya Migori itafungwa, akapewa kazi ya kupanga mafaili kwenye maboksi. Hapo ndipo alipofungua ukurasa wa 88.

"Nilisikia sauti yake tena," anasema. "Safari hii nikamwona na uso. Yule mama alikuwa anasamehe."

Aliandikia makao makuu barua tatu. Jibu lilikuja moja: ripoti imefungwa, haifunguliwi kwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Alikwenda Kendu Bay mara nne kumwambia mwenyewe.

"Nikifika mbele yake nakuwa bubu. Nasema, nipimie mkebe mmoja. Ananipimia, ananiongezea na kidogo juu. Nimekula omena yake mwaka mzima. Hainishuki."

Basi leo ndiyo siku yake ya mwisho kushika kipaza sauti. Oliver anafikia mwisho wa hotuba. Ameshika saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya dhahabu.

"Kwa miaka ishirini na sita," anasema, "mama huyu hakupoteza hata neno moja."

Phelesia anageukia dirishani. Gisiri anadhani ameshikwa na machozi, anaanza kupiga makofi ili kumsaidia.

"Anasema sikupoteza hata neno moja," Phelesia anasema kwa Kijaluo. "Yeye hajui. Mimi nililipoteza moja. Mwenye neno ameketi pale dirishani."

Anaeleza yote: hema, saa tisa, karani, ukurasa. Kisha anaeleza kwa Kikuria. Kisha kwa Kiswahili. Gisiri ameshusha mikono. Kwa Kiingereza haelezi, na Oliver, akiona watu wamejiinamia, anadhani wameguswa na hotuba yake. Anapiga makofi peke yake.

Damaris anainuka. Anapita katikati ya viti polepole, mkoba kifuani, mpaka mbele. Anamtazama Phelesia usoni.

"Aseweyoni," anasema.

"Mama," Phelesia anauliza kwa sauti ndogo, "umenisamehe, au umeniacha?"

"Si wewe ndiye mkalimani?"

Anarudi kwenye kiti chake.

"Amesema nini?" Oliver anauliza.

"Sijui," Phelesia anamjibu.

Pilau ililiwa ikaisha. Saa ya ukutani ilisahaulika mezani, na Gisiri ndiye aliyeipeleka garini.

Jumanne Phelesia atakwenda Homa Bay, mahakamani, na hati ya kiapo. Wakili anayemsaidia bila malipo hakumficha: ni miaka ishirini na moja, shemeji mmoja amekufa, na watoto wao wamejenga nyumba tatu za mawe juu ya ile ekari moja na nusu. Kiapo cha mkalimani mstaafu huenda kisisogeze hata jiwe moja.

"Shamba lote sitegemei," anasema Phelesia. "Naomba apate futi sita kwa tatu, kando ya mume wake. Hizo tu. Nitasimama nitasema mimi, na safari hii itakuwa mimi."

Jioni ya siku ile ya kuagwa, Gisiri alimrudisha Damaris Kendu Bay. Phelesia aliketi kiti cha mbele mpaka sokoni. Damaris alipokuwa akishuka, Gisiri alimwuliza kama Jumanne ampitie waende wote mahakamani.

Bibi alifunga leso yake upya, akamtazama Phelesia kupitia kioo cha gari.

"Mkipita," akasema, "pigeni honi. Nikisikia, nimesikia."