Sifongo Wasio na Kwao

Naikumbuka siku ile, mwanangu, ingawa ningefurahi kuisahau. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimejikalia nyumbani, mtaa wa Muhumba, kama paka wa jikoni. Kufika mtaa wa Cimpunda tu kwangu ilikuwa safari. Basi mjomba wangu, tonton Salumu, mwalimu mustaafu wa biolojia, akanipa kazi isiyochosha miguu: kutunza chupa zake za sifongo.

Sifongo ni mnyama wa baharini, usicheke. Tonton aliwakusanya kwenye matumbawe alipokwenda pwani kuona ukoo wa babu yake. Kila mmoja alikaa ndani ya alkoli pamoja na kikaratasi cha penseli: alitoka wapi, kina gani, rangi gani akiwa hai, ni wa jamaa gani ya sifongo. Maana alkoli hula rangi; wote walikuwa wamepauka kama bugali ya jana.

Mimi, bingwa wa mwandiko, nikaona penseli ni aibu. Nikanakili vyote kwa kalamu ya biki, vya zamani nikachoma. Baada ya siku chache wino wote ulikuwa umeyeyuka ndani ya alkoli. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikaficha: nikajaza vikaratasi upya kwa kubahatisha, sasa kwa penseli.

Tonton alikuwa anaumwa figo, na haja yake ilikuwa moja, chupa zile zipokelewe chuo kikuu yeye akiwa hai. Mtaalamu wa kule akakata vipande, akaviloweka kwenye javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, mpaka nyama ikaisha, akatazama kwa mikroskopi vijiti vilivyobaki, ambavyo ndivyo mifupa ya sifongo, na kila jamaa ina vyake. Vikapingana na maandishi yangu. Akarudisha chupa zote, hata zile chache nilizopatia.

Tonton akaniita kitandani.

“Mutoto, hapa uliandika mita kumi. Ulikuwa na mimi mu maji?”

“Hapana, tonton. Hata ziwa mi naogopa.”

Akacheka kidogo, kisha akageukia ukuta. “Ungeacha wazi. Tungeandika ‘haijulikani’, na ile nayo iko elimu. Ao ungeniuliza. Ile wakati nilikuwa nakumbuka.”

Tulimzika mwezi uliofuata. Chupa ninazo mimi, hakuna anayezitaka.

Kwa hiyo ukiharibu, mwanangu, sema siku ileile, mwenye kujua angali na kumbukumbu. Pengo usilizibe kwa kubahatisha, maana uongo mmoja huwatia shaka wakweli wote. Mungu akujalie kusema ‘sijui’ mapema, na akuachie wazee wako wawe na pumzi ya kukujibu.