Siku Niliyomjibia Mjomba

Mimi na mjomba wangu tunajenga pamoja, na kazi tuligawana hivi: yeye anajenga, mimi naongea. Mwenye nyumba akija kuuliza mbona saruji imeisha, mbona ukuta umeishia pale, namjibu mimi. Mjomba kashika mwiko, kimya. Ukimuuliza yeye, anakuonyesha mimi kwa kidevu. Huku milimani wote wanalijua hilo.

Ujenzi hatukusomea. Yeye alianza kwa kubeba mawe, mimi nikajifunza kwa kumwangalia yeye, ramani nikajisomea mwenyewe kwenye simu. Lakini kuchimba mlima mpaka upate kiwanja, kupanga mawe ya msingi kwa ngazi ili masika isiondoke na nyumba, hapo mjomba hana wa kumzidi. Cheti ndiyo hana. Shule yetu ya msingi ikapata ruhusa ya kuongeza madarasa, kamati ikasema fundi mkuu lazima awe na cheti. Mjomba namjua. Watoto wadogo wa dada zake wote wanasoma pale. Sijawahi kumwona akitaka kazi kama alivyoitaka ile.

Zamani ukitaka cheti ushuke Morogoro, ukae huko miezi. Shamba unamwachia nani? Mwaka huu chuo kimoja kikatuletea mwalimu huku huku juu, wiki mbili, ili sisi tuliojifunzia kazini tupimwe kwa mikono yetu. Alikuwa dada mmoja wa Kisaki, kule bondeni, mchangamfu. Siku ya kwanza alifika anahema.

"Nyie Waluguru, kujenga huku juu mnakimbia nini?"

"Tunawakimbia nyie wa bondeni," mjomba akamjibu, "na bado mmetufuata."

Watu wakacheka mpaka basi, maana mjomba kuongea mbele ya mgeni ni jambo la kusimuliwa.

Siku ya kupimwa, mjomba alipima usawa wa msingi kwa mpira wa maji, ule unaoonyesha ndani. Kwanza akatoa mapovu yote, taratibu.

"Baba, kwa nini umetoa mapovu?" mwalimu akamuuliza.

"Yakibaki, maji yanadanganya," nikajibu mimi.

"Nimemuuliza yeye."

"Sawa, dada."

Akauliza la pili, ataanza kupanga mawe upande gani. Nikajibu tena. Wallahi sikukusudia, mdomo ulishazoea.

"We kijana, zamu yako kesho. Ukimjibia tena, namfuta."

La tatu: kwa nini msingi una ngazi tatu na siyo mbili. Mjomba akaweka mpira chini. Akautazama mlima. Mafundi wenzetu nyuma wakaanza kumcheka pembeni. Mmoja akasema, "Leo bubu kapatikana."

Damu ikanipanda.

"Hivi wewe dada unamuuliza huyu? Huyu kaanza kujenga wewe hujajua kutembea! Udongo wa hapa unateremka, ndiyo maana ngazi tatu! Haya, andika!"

Hakuandika. Alifunga daftari. "Nisamehe, baba," akamwambia mjomba, siyo mimi. "Nimekufuta mpaka tutakaporudi tena. Lini, sijui."

Nilimwomba mpaka nikapiga magoti kwenye kokoto. Wapi.

Tukiwa njiani nikamwambia mjomba yule mwanamke ana roho mbaya. Akasimama.

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia," akasema. "Jibu nilikuwa nalo, mpwa wangu."

Akatangulia.

Mimi nilifaulu. Kwenye karatasi za kamati, fundi mkuu ni mimi, mjomba kaandikwa msaidizi. Nilitaka kuikataa ile kazi, akanikataza. "Ukikataa wataleta mtu asiyeujua udongo huu. Halafu watoto waangukiwe?" Basi kila asubuhi, kabla watu hawajafika, ananielekeza, na wakifika mimi najifanya naelekeza.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kamati alikuja. Akampa mjomba shikamoo, akamuuliza yeye, kwa heshima kabisa, kama ukuta wa nyuma utaihimili masika. Nikajing'ata ulimi. Nikasubiri.

Mjomba akafuta mwiko kwenye suruali.

"Muulize fundi," akasema. "Mimi hapa nasaidia tu."

Nikajibu. Nilijibu vizuri, kila kitu, na mwenyekiti akaridhika, akashuka zake.