Viatu Vinavyotazama Nje

Asubuhi ile fundi viatu aliinjika chai kama kawaida yake, akamuuliza mkewe swali lao la miaka arobaini na mitatu.

"Leo unahama?"

"Leo bado," mke akajibu, kajilaza chali anatazama dari. "Nihame na chai hujaitia sukari?"

Wakacheka. Fundi alipokuwa anatoka, mkewe akamwomba amtazamie kisigino cha kiatu chake kilichokuwa kinacheza. Fundi akasema kesho. Alasiri jirani akamfuata mbio kibandani kwake. Alipofika nyumbani, pumzi ya mkewe ilikwisha kukatika.

Mkewe alizaliwa kwenye shamba la bwana mmoja. Babu yake alifika pale kwa hiari, akapewa kibanda na kipande cha kulima. Mwaka mmoja ikasomwa karatasi: anayelala kwenye ardhi ya bwana ni wa ardhi ile, yeye na kizazi chake; siku nne za wiki kazi ya bwana, na kutoka ni kwa ruhusa. Hakuna aliyefungwa mnyororo. Watu walilala waungwana, wakaamka watwana.

"Tumetiwa utwanani," wazee wa pale walisema. Neno hilo mkewe hakutaka lichezewe. Siku moja jirani alilalamika kwamba mumewe amemtia utwanani kwa kufua mashuka.

"Wewe umechoka tu, shoga," akamkata kauli. "Nenda kachoke kwako."

Shambani kule mke wa fundi alitoroka kwa miguu, ana miaka kumi na tisa. Alifika kwenye benchi la fundi na viatu vimeachama.

"Nitengenezee, viwe vya kwenda mbali."

"Mbali wapi, dada?"

"Ningejua si ningekwambia?"

Fundi alipiga soli polepole, kusudi. Siku tatu kiatu kimoja. Ya nne akamwoa, ndivyo alivyopenda kusimulia. Kweli yake ilikuwa miezi minane.

Bibi harusi alitoa sharti moja tu: viatu vile vikae mlangoni, ncha zikitazama nje. Kila mwaka fundi alivipiga soli mpya, roho mkononi.

"Unamnolea mwizi panga!" wenzake wa kibandani walimcheka.

Mwaka wa pili hofu ikamshinda. Akavificha chini ya gunia la ngozi. Mkewe hakupiga kelele. Aliketi kizingitini kutwa nzima, hapiki, hasemi. Jua linazama ndipo alipofungua kinywa.

"Kule shambani kazi haikuniua. Kazi naiweza. Kilichoniua ni kujua siwezi kuondoka. Sasa na wewe umenitia utwanani."

Fundi alivitoa viatu chini ya gunia, akavifuta vumbi kwa shati lake, akaviweka mlangoni, ncha nje. Asubuhi yake aliinjika chai, akauliza kwa mara ya kwanza: leo unahama? Akajibiwa leo bado. Tangu hapo hakuacha kuuliza, na mtaa mzima ukamwita mkewe Mama Leo-Bado.

Wiki mbili baada ya mazishi, binti yao alikuja kukusanya nguo za mama yake. Akaviokota na viatu.

"Baba, hivi tuvitupe? Havivaliki."

"Lete."

"Tena kisigino chenyewe—"

"Kisigino nakijua. Lete."

Akaketi kwenye kigoda, akaweka misumari mdomoni. Minne. Alipigilia taratibu, kama mtu mwenye siku tatu za kiatu kimoja. Akakitikisa kisigino, kimetulia. Akavirudisha viatu mlangoni, ncha nje.

"Lakini baba, mama alikuwa anavitakia nini? Maisha yake yote hakwenda popote."

Fundi akamwambia maneno ya mama yake ya asubuhi ile ya mwisho, kama yalivyotamkwa, hakuongeza wala hakupunguza:

"Kisigino cha kushoto kinacheza, mzee wangu. Kipigilie vizuri, siku nikihama, nataka nifike."