Gari Lililopiga Magoti Nje ya Kanisa

Mimi nimewahi kuona gari likipiga magoti.

Siwatanii, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone la lubisi, pombe yetu ya ndizi. Ilikuwa Jumapili, mwaka 1995, nje ya kanisa, huku kwetu Karagwe. Kabla gari halijasimama tena, uchumba wa dada yangu ulikuwa umekwisha mbele ya watu wote.

Naitwa Projest. Najua kisa hiki kinasimuliwa vilabuni hadi leo, na kila anayekisimulia anaongeza chumvi yake. Lakini mlinzi wa lile gari nilikuwa mimi. Kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Lilikuwa Citroen ya zamani, rangi ya maziwa, paa jeusi, usukani kushoto. Wilaya nzima hapakuwa na jingine.

Ukizima injini linaanza kushuka. Taratibu, bila haraka, mpaka tumbo linakaribia kugusa ardhi. Ukiliwasha haliondoki. Kwanza linainua nyuma, kisha mbele, halafu ndipo linakubali safari.

Watoto wa Igurwa, kijijini kwetu, waliliita gari linalosali.

Mwenyewe alijiita Ildefonsi. Alitokea kwetu mwaka 1994, kipindi watu wanamiminika kutoka Rwanda wakikimbia mauaji. Yeye alisema si mkimbizi. Alisema amezaliwa upande huu, akaenda ng'ambo kufanya biashara, na sasa karudi nyumbani. Gari kauziwa zamani na padre mzungu aliyekuwa anarejea kwao. Hajaoa, hana mtoto.

Baba yangu, Mzee Pastory, alimpa ghala letu la kahawa alaze gari lake.

Baada ya miezi michache akakubali kumpa na binti.

Msinielewe vibaya, jamaa alikuwa mpole. Anamwamkia mama mpaka mama anaona aibu. Haji mikono mitupu, mara sukari, mara sabuni. Ukimwona amekaa na baba wanakula ndizi, utadhani ndiye mtoto wa kwanza na sisi wengine tumeokotwa.

Tatizo lake lilikuwa moja tu. Gari.

Hakuna mtu niliyewahi kumwona anateseka na gari namna ile. Kuliendesha hana shida. Kuliacha limesimama mahali penye watu, hapo jasho linamtoka.

Siku moja tulikwenda Bugene kununua misumari. Maduka yako barabarani, nafasi tele. Yeye akalipeleka nyuma kabisa, kwenye mikaratusi, akaligeuza pua iangalie vichakani.

"Shemeji, baki humu ndani. Usitoke."

"Na misumari?"

"Nitanunua mimi. Mtu akisogea, mfukuze. Akiuliza limetoka wapi, wewe hujui. Aking'ang'ana, piga honi, nakuja mbio."

"Huku hakuna wezi wa magari, shemeji. Nani ataiba gari ambalo hata fundi wake hayupo?"

Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

"Wewe piga honi tu."

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Miaka ishirini na minne, ndevu zimeota, nakaa ndani ya gari la mtu nafukuza watoto. Kuendesha haniruhusu. Kugusa usukani haniruhusu. Nilikereka, nawaambia ukweli. Nikaanza kumwita Bwana Honi, yeye hajui.

Dada yangu Anatolia alikuwa fundi cherehani. Mwanamke wa maneno machache, mikono yake ndiyo inaongea. Ildefonsi alimpa kazi mbili kabla ya harusi. Ya kwanza, amshonee turubai la kufunika gari lote. Ya pili, abadilishe vitambaa vya viti.

Akavileta viti barazani kwetu. Vitambaa vya zamani vilikuwa vizima, havijachakaa hata kidogo. Nikasema huyu anatupa mali.

Dada akaanza kufumua. Akafika kiti cha nyuma, akasimamisha mkono.

"Huyu samaki kashonwa na nani?"

Nikachungulia. Palikuwa na kiraka kidogo, kimekatwa umbo la samaki, kimeshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu. Jicho lake kifungo cheusi.

"Samaki gani?" Ildefonsi akainama kutazama. "Ah, huyo. Fundi mmoja wa mjini. Hivyo vitambaa vyote vichome, Anatolia. Nataka tuanze upya."

"Haya."

Jioni ile niliona moshi nyuma ya jiko. Sikuliwaza tena jambo hilo.

Ila dada alibadilika. Anakula nusu anaacha. Ukimwita mara ya kwanza hasikii. Mama akasema ni woga wa mabibi harusi, utaisha.

Matangazo ya ndoa yakaanza. Mnaojua kanisa Katoliki mnajua utaratibu. Majina yanasomwa Jumapili tatu, na padre anasema anayejua kizuizi ajitokeze. Jumapili ya kwanza tulikwenda kwa miguu. Ya pili kwa miguu, mvua juu, viatu vya mama vikabaki kwenye tope. Na gari limelala ghalani.

Jumamosi kabla ya ile ya tatu, Anatolia akaongea mezani mbele ya wote.

"Kesho nataka kwenda kanisani kwa gari. Na likae nje mpaka misa iishe."

Ildefonsi akacheka kidogo. "Mpenzi, siku ya harusi nitakupakia. Kesho watu watalishikashika."

"Walishike. Bila gari siendi, na padre asisome jina langu."

Sijawahi kumsikia dada akimjibu mwanamume hivyo. Nikajua baba atawaka. Lakini kumbe hata mzee alikuwa na hamu yake ya siku nyingi ya kulipanda.

"Mkwe," baba akasema, "binti yangu hajakuomba ng'ombe. Kakuomba apande kitu ulicho nacho. Au una siri na hilo gari?"

Alisema kwa utani, waitu, ndugu zangu. Tukacheka wote, na Ildefonsi akacheka.

"Basi," akasema. "Lakini litafunikwa. Na shemeji atalinda."

Nani mwingine!

Kesho yake tukaenda. Aliegesha pembeni kabisa, chini ya ukuta, akalifunika mwenyewe, akakaza kamba za turubai moja moja. Gari likaanza kushuka humo humo ndani ya nguo yake.

Watu walikuwa wengi kupita kawaida. Wa Igurwa, wa Bugene, hata vibarua wa mashamba ya Kanoni ambao Jumapili huwa wanalala. Nilishangaa wametoka wapi.

Anatolia alipokuwa anaingia kanisani akaniinamia sikioni.

"Mdogo wangu, wakianza kuimba, livue."

"Atanichinja."

"Nimekuomba mimi, dada yako."

Wakaanza kuimba, nikalivua. Kusema kweli nilifurahi. Jua likaliwakia, waliochelewa misa wakalizunguka, nami nikajiegemeza mlangoni kwa mapozi utadhani la kwangu.

Furaha ile haikudumu.

Alikuja mwanamke anaitwa Kantengwa. Alikuwa kibarua wa palizi huko Kanoni. Alivuka mto kutoka Rwanda mwaka ule wa mauaji, akakataa kwenda kambini na wenzake, hakusema kwa nini. Watu walimjua kwa ukimya tu.

Alisimama mbali. Halafu akaja polepole, akaweka kiganja juu ya bodi la gari, akakiacha hapo.

"Imodoka yacu," akasema.

Kinyarwanda kidogo nakielewa. Alisema gari letu.

"Mama, usiguse. Mwenyewe mkali."

"Mwenyewe hayupo duniani, mwanangu. Mwenyewe ni mume wangu."

Nilitakiwa kupiga honi. Mkono haukunyanyuka.

Kupitia dirisha la kanisa nikasikia sauti ya padre, matangazo ya mwisho. Ildefonsi. Anatolia binti Pastory. Anayejua kizuizi chochote cha ndoa hii aseme.

Kantengwa alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu.

Misa ikaisha. Watu wakatoka, na Ildefonsi akatokea mlangoni na dada yangu mkononi. Aliliona gari liko wazi. Akamwona mwanamke. Akakwama pale pale kwenye ngazi.

"Nani kavua turubai?"

"Mimi ndiye nimesema livuliwe," akajibu Anatolia.

Kantengwa akasimama. Hakupiga kelele, na ule utulivu wake ndio ulinitisha zaidi.

"Nilikuwa nimejificha kwenye mtama," akasema. "Mume wangu wamemlaza mlangoni. Binti yangu Therese naye. Waliofanya hivyo waliondoka na gari hili. Sura ya dereva sikuiona. Gari nililiona linapita."



"Mama, pole sana," Ildefonsi akasema kwa ile sauti yake ya upole. "Magari yanafanana. Hili nilinunua."

"Yanafanana na lipi?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma. Kweli, lilifanana na lipi?

Kantengwa akaelekeza kidole ndani. "Kiti cha nyuma kina samaki. Therese alikitoboa kwa penseli, nikamshonea samaki. Jicho lake kifungo."

Watu wakasukumana madirishani kuchungulia. Viti vyote vipya, vya bluu, vinang'aa. Hakuna samaki.

Ildefonsi akafungua mlango kabisa ili waone vizuri. "Mnaona wenyewe? Samaki yuko wapi? Shida zimemchanganya mama wa watu. Mpelekeni apate chakula."

Watu wakashusha pumzi. Wengine wakacheka. Baba yangu ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, maskini, maana alishaanza kuingiwa na hofu.

Mimi nikamtazama dada yangu.

Anatolia aliachia mkono wa mchumba wake. Akafungua mkoba wake mpya, ule wa harusi, akatoa kitambaa kilichokunjwa vizuri. Akakikunjua.

Samaki. Uzi mwekundu. Kifungo cheusi.

Kantengwa alitoa sauti ambayo sitaki kuikumbuka.

Ildefonsi akageuka. Akaingia garini, akafunga mlango, akawasha.

Na gari likaanza kuinuka.

Nyuma kwanza. Taratibu, kama siku zote. Anakanyaga mafuta, injini inalia, gari halina habari naye. Nyuma imepanda, mbele bado iko chini. Watu zaidi ya mia mbili wamesimama wanamtazama, na yeye anatutazama kupitia kioo, kwa muda ule wote ambao gari lake lilihitaji.

Lilipomaliza kusimama, wanaume walishapanga mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

Padre akatoka mbio na kanzu yake, akasimama mlangoni mwa gari, mikono juu, akisema hapigwi mtu hapa. Bila yeye tungeua siku ile. Mimi mwenyewe nilikuwa na jiwe.

Ildefonsi akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Sikuwa peke yangu," akasema.

Ni hayo tu. Hakuongeza mpaka polisi walipokuja kumchukua.

Alipelekwa Bukoba, na huko ikabainika kwamba jina la Ildefonsi si lake, wala hakuzaliwa upande huu. Baada ya hapo kila mtu ana habari yake. Wapo wanaosema alirudishwa Rwanda akafungwa. Wapo wanaoapa walimwona Murongo, upande wa Kyerwa, akivuka kwenda Uganda na jina jingine. Mimi sijui, na kutojua huko kunanisumbua mpaka leo.

Gari lilikokotwa hadi uwanja wa polisi. Likashuka, na halikuinuka tena. Kuku walitagia ndani. Walimwita Kantengwa aje kulidai, akakataa. Alichukua samaki peke yake, akamfunga kwenye ncha ya kitenge.

Nyumbani kwetu hakuna aliyempongeza dada. Shangazi zetu walisema kaivunja ndoa yake kwa mkono wake. Baba aliishi miaka tisa baada ya hapo na hakuwahi kumuuliza lolote kuhusu siku ile. Mchumba mwingine hakuja. Wanaume waliogopa mwanamke anayetunza vitambaa.

Mimi ndiye niliyemuuliza.

"Dada, ulijua kaua?"

"Sikujua."

"Sasa?"

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Hakuinua macho.

"Fundi hashoni samaki, Projest. Fundi anaziba tundu anakwenda zake. Anayeshona samaki ni mama. Na Ildefonsi aliniambia gari lile halijawahi kubeba mtoto." Akaanza kukanyaga cherehani, kisha akaacha. "Nilichoma vile vingine aone moshi. Nikawaambia wote niliowashonea, hadi vibarua wa Kanoni waliotoka Rwanda, kwamba Jumapili kuna gari la ajabu kanisani, waje. Nikasema kama yule mama yu hai, atalijua gari lake. Kama hayupo, nitaolewa."

Fikirieni hilo. Angeolewa.

Somo langu ni fupi, na nililipata kwa gharama ya dada yangu. Mwaka mzima nilimcheka mtu anayeogopa kuacha gari hadharani, nikidhani anaogopa wezi. Jina alibadilisha, kwao akapabadilisha, hadi viti akavibadilisha. Gari hakuweza. Ukimwona mtu anaficha kitu kizuri hivyo, usiharakishe kusema ni bahili. Jiulize kwanza anaogopa kionwe na nani.