Barabara Niliyoipigia Kura

Mlango wa jirani yangu wa zamani, kule Kambi Muru, Kibera, una alama nyekundu ya X, ya kubomolewa. Imechorwa kwa ajili ya barabara ambayo mimi niliipigia kura, na mimi siishi tena huko.

Nilihamia Kawangware miaka kadhaa kabla ya uchaguzi, kwenye ploti yenye maji ya mfereji na geti linalofungwa usiku. Kura yangu niliiacha nilikotoka. Wagombea wa Kawangware walipita mlangoni nikawasikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya chumba cha pili. Mwenye ploti alinicheka. "Wewe mpangaji, mwili unalala kwangu, kura inalala Kibera. Ukinyeshewa huku utamlilia nani?"

Nilimjibu kwamba kanisa langu bado liko Kibera, na ilikuwa kweli. Kila Jumapili nilishukia barabara kuu, nikavua viatu vyangu vyeusi, nikavaa vya plastiki, nikateremka kwenye matope. Ibada ikiisha nilipita kwa jirani yangu huyo, mama aliyetoka upande wa ziwa, anayekaanga samaki mbele ya chumba anacholala na wanawe. Aliniwekea kipande cha mkia na kuniuliza habari za Kawangware kana kwamba ni ng'ambo.

Msimu wa kampeni alitaka habari moja tu. "Jirani, mimi siwezi kuacha mafuta yakiungua niende kusikiliza watu. Wewe macho yako ni kamera. Nenda uwaone, uniambie hii wadi nimpe nani."

Nikaenda. Wenye nguvu walikuwa wawili. Wa kwanza, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, alikuja na gari lenye vipaza sauti, akaahidi barabara ya lami kutoka juu hadi mtoni. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mhesh, si ushuke basi uonje hiyo matope!" Watu wakacheka. Yule mtu hakukasirika. Alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akaingia. Nilimtazama usoni, hakukunja hata nyusi. "Huyu sasa ni msee wetu!" vijana wakashangilia. Niliona pia kwamba aliyembebea viatu alivipangusa kabla ya kumrudishia, na kwamba mgombea mwenyewe alimshukuru. Mambo kama hayo mimi huyaamini kuliko hotuba.

Wa pili alikuwa mwalimu wa chekechea. Siku wagombea walipokutanishwa kwenye ukumbi mmoja, alizungumza kwa sauti ya chini mpaka tukainama kumsikia. Alipoulizwa kuhusu stima akasema hajui, ataenda kuuliza. Nikampunguzia alama. Kisha akamgeukia mwenzake. "Njia yetu mikokoteni miwili haipishani. Barabara ya magari utaipitisha wapi, kama si juu ya vitanda vya watu?"

Mfanyabiashara akatabasamu, akasema wataalamu wapo. Nyuma yangu mtu akadakia, "Ticha, wacha wivu! Rudi ukaimbishe watoto!" Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Nilimkuta jirani yangu akigeuza samaki kwenye karai. Nilimweleza yote: gari, matope, viatu, shukrani. Swali la mwalimu sikumweleza. Sikuwa nimelisahau. Nilijua nikilitaja ataniuliza jibu, nami jibu sikuwa nalo, na ile lami nilikuwa nikiitamani sana. Mimi nilitaka barabara ya Jumapili. Yeye ana nyumba ya wiki nzima.

"Basi ni huyo wa matope," alisema. Siku ya kura tulipanga foleni pamoja, naye akawaambia akina mama wenzake kwamba uchunguzi umeshafanywa, wasihangaike.

Alishinda, na barabara imeanza upande wa juu. Asubuhi moja vijana wenye kopo la rangi walipita, wakachora milango ya upande mmoja wa njia, ule mwingine wakauacha. Jirani yangu aliponionyesha mlango wake hakunilaumu. Alicheka. "Si ulisema huyo mtu anajua kushukuru? Basi atakuja anishukuru." Hapo ndipo ningemtajia lile swali la mwalimu; badala yake nikamwahidi kwamba nitakwenda kumuulizia.

Kinachomsumbua sasa ni paa. Mvua inakaribia, na bati lililo juu ya kitanda cha watoto limetoboka. Amenunua jipya, lakini hajui kama nyumba itafika mvua ikiwa bado imesimama. Nimekwenda kuuliza kwenye ofisi ya mheshimiwa. Wanasema ramani inaangaliwa upya, huenda njia ikasogezwa, huenda isisogezwe, nisubiri tangazo.

Jumapili iliyopita nilimkuta fundi nje ya chumba chake, nyundo mkononi, amekasirika kidogo. "Mathe, niambie nipande hapo juu ama nisipande. Niko na kazi kwingine."

"Ngoja," akamwambia, akinipungia mkono wenye unga wa samaki. "Huyo jirani ndiye anajua mambo ya hao watu. Muulize yeye."

Fundi akanigeukia. Nilimwambia aje wiki ijayo. Bati bado limeegemezwa ukutani.